Jenereta Iliyostaafu Kaikor

Sogeeni, wanangu, na yule aliyekaa karibu na mlango aache kuupenda mlango. Asekon, njoo hapa kulia. Namuria, hapa kushoto. Wewe Malith kaa miguuni pangu uishike hii miguu, maana imeshikwa na baridi saa nne ya asubuhi hapa Lodwar, mahali ambapo hata bati halipoi, nami nimekuwa fundi miaka ya kutosha kujua kwamba chombo kinachopoa kikiwa juani hakina siku nyingi. Daktari ameniandikia dawa ya wiki mbili. Nimemshukuru kwa matumaini yake.

Sikilizeni, wala msinikatize. Atakayetaka kulia alie taratibu, sauti yangu imebaki kidogo na bado nina maneno.

Nianze na mali, kwa sababu kila mtu husema haijali na ndiyo anayoikumbuka matanga yakiisha. Nyumba hii ya hapa Nawoitorong ni ya Asekon na Namuria pamoja, nayo isigawanywe kwa ukuta; atakayejenga ukuta ndani ya nyumba yangu nitamjia ndotoni na nyundo. Mbuzi walioko Kaikor wabaki kwa ndugu zangu, mbuzi hawahamishwi kwa barua. Karakana mbili, hii ya Lodwar na ile ya Kakuma, pamoja na kampuni yenyewe ya Ebei Uhandisi, ni zenu watatu. Nimesema watatu. Malith, usiiname, inua kichwa.

Malith na mkewe Aluel walifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutoka Sudan Kusini miaka kumi na miwili iliyopita, na karatasi zao zinasema kwamba wako hapa kwa muda tu. Kwa miaka hiyo Malith ameng'oa na kurudisha kila injini niliyo nayo, na bado yuko kwa muda. Hata mimi nipo duniani kwa muda, ila sikuwahi kupewa kadi wala kupangishwa foleni. Sheria ikikataa jina lake kwenye kampuni, basi ninyi wawili mumshikie fungu lake kwa uaminifu, na siku mtakayojisahau mkaliita lenu, mkumbuke baba yenu alilisema hili huku miguu yake ikiwa mikononi mwa Malith.

Sasa nije kwenye lile linalonizuia kufa vizuri.

Mnajua jinsi tulivyoanza habari ya kupunguza moshi. Watu wa semina hudhani nilisoma kitabu. Haikuwa kitabu, ilikuwa chai. Aluel alikuwa na kibanda chake nyuma ya karakana ya Kakuma, pale jenereta zetu tatu zilipokuwa zikitema moshi kutwa, na asubuhi moja akaniwekea kikombe mbele akasema, "Mzee, chai ya leo iko na dizeli. Nikuongeze sukari ama nikuongeze dizeli?" Watu walicheka, nami nikacheka, lakini nilipokinywa kile kikombe nilionja kazi yangu mwenyewe ulimini. Mvua zilikuwa zimekosa mwaka wa tatu. Asekon, wewe ulisema moshi wetu ni tone, wenye moshi mkubwa wako ng'ambo, na ulisema kweli. Lakini anayekohoa kwa moshi wetu hayuko ng'ambo, yuko nyuma ya karakana anachemsha maziwa.

Ndipo Namuria ulipotoka chuoni na mahesabu yako, tukaanza kuzima jenereta moja baada ya nyingine, na kisima cha Kaikor kikawa cha kwanza kupata pampu ya sola tupu, bila tone la dizeli. Mwaka wa kwanza maji yalijaa horini mpaka ngamia wakakosa adabu. Mwaka wa pili yakapungua. Yakapungua tena. Kiangazi kikakaza, mifugo ikaanza kulala chini na kutoinuka, na siku moja jenereta ikaonekana Kaikor chini ya turubai, inanguruma.

Hapo ndipo ninyi wawili mlipoachana. Namuria ukasema mahesabu yako yalikuwa sawa na kaka yako amekuhujumu. Asekon ukasema ng'ombe hawanywi mahesabu. Miaka miwili sasa hamjala sahani moja, mnaandikiana barua pepe mkiwa mmetenganishwa na ukuta wa mbao, na mnamalizia na "Wako mtiifu". Nimezisoma. Sijawahi kuona utiifu wenye meno kiasi kile.

Namuria, mwanangu, sikiliza. Asekon hakuipeleka ile jenereta kwa akili yake. Alinipigia simu kutoka Kaikor, nasikia ndama wakilia nyuma yake, na mimi ndiye niliyemwambia, "Ipeleke, na dada yako asijue." Kisha ulipomkasirikia nikanyamaza, nikamwacha avae kosa langu kama koti la mtu mwingine, naye akalivaa bila kunitaja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi hiki kinaniumbua mchana kweupe.

Nawe Asekon, dada yako hakukosea hata nukta. Nipe maji... Hapo. Yatosha.

Tulia, Namuria. Utalia baadaye, kubwa bado lipo.

Kuna mama mmoja Kaikor anaitwa Nakeno, mjane, mwenye mbuzi ishirini hivi. Tangu siku tuliyosimika zile paneli, mama huyu alikuwa akifika kila asubuhi kabla ya jua kupanda, anavua shuka lake la begani, anazifuta vumbi moja moja. Hakuna aliyemtuma. Mlinzi wetu akamwona, akafanya kazi yake vizuri sana, akaandika ripoti kwamba mtu asiyeidhinishwa anagusa mitambo ya kampuni. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, ripoti ikaja mezani kwangu ikiwa na pendekezo la ua wa seng'enge, lango, kufuli na kibao cha onyo. Mimi, mtoto wa Kaikor, nikasaini nikiwa nakunywa uji. Wala sikuuliza huyo mtu anagusa nini, kwa nini, na kwa nguo gani.

Ratiba yetu ilisema fundi atoke Lodwar kufuta paneli mara moja kila miezi mitatu. Vumbi la Kaikor halijasoma ratiba. Hilo ndilo lililoyakausha maji, wanangu. Siyo sola, siyo mahesabu ya Namuria, siyo dizeli ya Asekon. Ni kufuli langu.

Na kinachonichoma ni kwamba mimi nilijua. Babu yenu alichimba kisima mchangani kulekule, kirefu, watu saba wakipokezana ndoo toka chini mpaka juu, na kisima kile kiliitwa kwa jina lake. Mgeni mwenye kiu hakunyimwa, lakini aliomba, na aliombwa mtu, hakikuombwa kibao. Mchanga ukianguka, kila mmoja alijua nani ataamka kuuzoa. Kisima kisicho na mwenyewe hakimalizi msimu. Nilizaliwa ndani ya elimu hiyo, kisha nikanunua kufuli.

Mwaka jana akaja yule mkaguzi kutoka Nairobi, bwana Njenga, mtu mpole, kofia pana, viatu vipya. Akatembezwa karakanani, akapiga picha, akaniuliza, "Na ile jenereta ya Kaikor, mzee?" Nilijua iko wapi na inafanya nini. Nikamwambia, "Imestaafu." Akacheka sana, akasema wazee wa Turkana wana maneno, akaandika. Utani wangu ukapigwa muhuri. Ndio huo ukarudi umekuwa cheti, umetiwa fremu, ukatundikwa ukutani ofisini, kwamba Ebei Uhandisi haitoi moshi Kaikor.

Pasaka hii nikaenda huko na Malith. Malith akaingiza mkono chini ya turubai akautoa haraka, akaniambia, "Baba, makaratasi inasema hii injini ilikufa mwaka jana. Maiti gani iko moto hivi?" Na Nakeno alikuwa amesimama nje ya seng'enge na shuka lake begani. Nikamsalimu, "Ejok." Akaitikia, "Ejok-nooi," bila chuki, ndiyo maana iliniuma. Akasema, "Mzee, hiyo kioo yako inakula jua. Sasa mmeijaza vumbi mdomo, mkaifungia ndani. Itakula nini?"

Wahandisi wangapi tulipita pale, Namuria? Hesabu mwenyewe.

Nilirudi nikanyamaza. Miezi yote hii nimenyamaza kwa haya, mimi niliyewafundisha kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Sasa nachutama.

Jumatatu mnakwenda Kakuma kutia saini kazi ya maji ya kambi. Wamewachagua kwa sababu ya cheti kile. Watu kule watakunywa kwa kuamini karatasi iliyotoka kwenye utani wa mzee mwoga. Chini ya mto wangu kuna barua, hii hapa, nimeitia saini kwa kidole gumba, ili mkono unaotetemeka usije ukasingiziwa. Inasema jenereta haijastaafu. Inasema nani alisema imestaafu. Mpelekeeni Njenga kwanza, kisha muwasomee wale wa Kakuma kabla kalamu haijagusa karatasi. Mkiikosa kazi, ikoseni. Nilianza na mashine moja ya kuchomelea na deni la shukrani kwa kila mtu. Mnaweza kuanza hapo tena, na ninyi mko watatu.

Asekon, unanitazama kama baba yako amekuuza. Najua wafanyakazi ni wengi na kila mmoja ana watoto. Nimewaza hilo kila siku hapa kitandani. Lakini uwongo huu ukibaki, siku moja utaambiwa utaje jina la aliyesema, na utanitetea, kwa sababu ndivyo ulivyo. Sitaki unitetee tena, mwanangu. Umechoka.

Pumzi... ngojeni.

Malith, ufunguo. Uko shingoni kwangu, utoe, mimi siwezi. Huo ni wa lango la Kaikor. Nendeni nao, ninyi watatu, kwa gari moja. Mumpe Nakeno mkononi, mbele ya watu, na mseme kisima hiki sasa ni cha Nakeno, anayetaka kunywesha amwombe yeye. Mwandikeni kazi, alipwe kama fundi, maana ni fundi. Ung'oeni ua ule. Mbao za kibao muwashie moto wa chai. Na mumwombe radhi. Msimtume mtu... mwende wenyewe. Jenereta irudi nayo siku hiyohiyo. Sasa istaafu kweli.

Mnizike Kaikor, si hapa. Pasiwe na hotuba za maofisa... ama mmoja tu, na asimame juani.

Nileteeni lile bakuli la maji. Nawanyunyizia, mkono hauna nguvu, mtaloa kidogo tu. Mvua iwajue kwa majina. Semeni ejok, iwe njema. Mifugo ilale ikiwa imeshiba. Semeni. Watoto wa Malith wapate mahali ambapo si pa muda. Semeni, nasikia sauti mbili, ya tatu iko wapi? Namuria? Haya. Ejok.

Sasa mbona siwaoni? Kuna ukungu... Ni miwani. Upepo wa asubuhi umeijaza vumbi.

Itoeni. Asekon, shika fremu, usiivunje. Namuria, futa. Kwa kanga yako, ndiyo. Pande zote mbili. Taratibu, mwache dada yako, wewe shika tu.

Nirudishieni.

Eeh. Ninyi hapo.