Bi Nyamvula na Kiti cha Marehemu Mzee Munga

Bi Nyamvula Tsuma, karani wa bodi ya shule yetu hapa Junda, anastaafu tarehe 28 Novemba 2025 baada ya kutumikia miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kupiga chapa barua, akaishia kuwa mtu pekee anayejua kanuni za bodi bila kufungua kitabu. Wakati wa kura humkataza mjumbe kujipepea, mkono wake usije ukahesabiwa.

Mwezi Mei hesabu ilituchanganya sote. Mwenzetu Kafedha alikuwa amejifungua, akaomba kurudi Kidato cha Nne. Bodi ina viti saba, na ombi kama hilo hupita kwa theluthi mbili ya wajumbe. Wanne walikubali, wawili wakakataa. Wa saba, Mzee Munga, alikuwa amefariki wiki mbili kabla, na kwa heshima kiti chake kiliachwa mezani hadi arobaini. Je, wanne kati ya saba, au kati ya sita? Mimi, niliyeketi pale bila kura kama mwakilishi wa wanafunzi, nilihesabu vidole mara tatu nikapata majibu mawili. Bi Nyamvula alinieleza baadaye kwamba theluthi mbili ya saba ni watu watano, kwa kuwa mtu hagawanyiki.

Mwenyekiti, Bwana Gershom, akatangaza ombi limeanguka. Bi Nyamvula akainua mkono, akasema hesabu ni ya sita, si saba.

"Ah, Bi Nyamvula! Arobaini haijafika, nawe wamfuta Munga?" akamaka mwenyekiti.

"Basi tumpigie simu tumuulize kura yake," akasema mjumbe mmoja, Bwana Kyalo. Watu wakacheka wameinamisha vichwa.

"Kiti sikiondoi, mwenyekiti," akajibu Bi Nyamvula taratibu. "Na kikae hata mwaka. Lakini kanuni ya tisa yasema nafasi huwa wazi siku ile mjumbe anapofariki. Mko sita. Wanne watosha."

Bwana Gershom aliisoma kanuni, akavua miwani, akaisoma tena. Ombi likapita. Jumatatu Kafedha alikuwa darasani, na wiki iliyopita alimaliza mtihani wake wa mwisho.

Bi Nyamvula, asante kwa uvumilivu wako. Mungu akupe afya, na siku nyingi zisizo na mikutano. Kafedha ameomba jina lake litangulie langu hapa chini.

Kafedha Tsofa
Vivian Mweri, mwakilishi wa wanafunzi