Fundi Stika Aliyependa Kupigiwa Honi

Kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzalendo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuza maziwa. Mimi ninayewasomea ni dada yake, kitinda mimba. Nimeuandika wasifu huu mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuuandika.

Alianza shule mwaka 1960. Mwalimu alimkabidhi kazi ya kupandisha bendera kila asubuhi, naye akaichukulia kwa uzito uliotuchosha wote nyumbani, maana pasi ilikuwa moja na sare yake ndiyo iliyotangulia. Alipomaliza shule alijifunza kuchora mabango.

Mwaka 1979 alifungua kibanda nyuma ya gereji, akawa anakata stika za magari, kwanza kwa wembe, baadaye kwa mashine. "Najivunia Nchi Yangu" na "Hapa Ndipo Kwetu" ni kazi za mikono yake. Wateja walitaka za timu za mpira na za kuchekesha, naye aliwakatia, lakini kila mmoja aliondoka na kibendera cha bure, apende asipende. Kwenye bampa ya pikapu yake alibandika maneno haya: "Kama unaipenda nchi yako, piga honi." Kwa jinsi alivyoendesha taratibu, honi hazikumkaukia. Siku moja nilimwambia, "Kaka, hawa wanataka uwapishe." Akawapungia mkono dirishani. "Acha wivu wewe. Wanaipenda nchi."

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati, wakajaliwa binti mmoja. Wifi alitutoka mwaka 2009, binti akiwa masomoni ng'ambo, asirudi tena kuishi hapa. Nyumba ikawa kubwa mno kwa kaka. Jumapili mchana aliwasha pikapu akazunguka barabara kuu bila safari yoyote, apigiwe honi, kisha akarudi kupika chakula cha mtu mmoja. Nililijua hilo, na liliniuma.

Mwaka 2019 binti alipiga simu kumweleza kwamba ameapa kuwa raia wa huko, na sheria za kwetu haziruhusu uraia wa nchi mbili.

"Baba, ni karatasi tu, nisisumbuliwe kazini."

"Mimi nimekulea kwa kubandika karatasi," akamjibu, akakata simu.

Hawakusemezana tena kwa miaka mitano. Ni wabishi wote wawili, na hadi leo sijui nimlaumu nani zaidi.

Mapafu yalianza kumsumbua mwanzoni mwa mwaka 2024, akalazwa tarehe 2 Septemba. Wiki ya pili aliniomba simu yangu, eti yake haina chaji, uongo mtupu. Nikampigia binti, nikampa kaka simu. Akauliza, "Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Umekula nini?"

Wakaongea habari za chakula tu mpaka muuguzi akaja na dawa. Aliponirudishia simu alisema, "Anakuja." Akaniomba nimnyoe ndevu.

Binti aliomba viza ya kuingia nchi aliyozaliwa. Ikachelewa. Kila asubuhi kaka aliniuliza kama imetoka, nami nikamjibu bado. Hakuilaumu nchi hata mara moja. Niliilaumu mimi kwa niaba yake. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 26 Septemba, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Viza ilitoka Jumatatu.

Ameniacha mimi dada yake, na amemwacha binti yake pamoja na wajukuu wawili ambao hakuwahi kuwabeba. Binti alitua jana jioni, akaelekezwa kwenye foleni ya wageni. Ofisa akamuuliza amekuja kumtembelea nani. Akasema, "Baba yangu." Ofisa akauliza baba anaishi wapi, na hapo, ameniambia, alishindwa kujibu.

Pumzika kwa amani, kaka. Mtoto amefika.