Jeti za Ndanu Zinapoteza Nguvu

Benchi letu liko nyuma ya stendi ya mabasi hapa Machakos, kati ya kibanda cha fundi wa pikipiki na birika la Hoodo. Ni ubao wa kando wa lori lililokufa zamani, na mwisho wake mmoja umelegea. Anayekaa pale hutikisika kichwa kila jirani anapojisogeza, kwa hiyo hujikuta amekubaliana na watu bila kutaka. Kahawa ya Hoodo ina tangawizi ya kutosha, na sheria yake ni moja: birika likikauka, kikao kimevunjika, hata kama kuna mtu alikuwa karibu kushinda. Mimi nimekaa hapo Jumamosi nyingi kuliko nilizokaa kanisani, na sijawahi kuona hoja ikifika mwisho.

Jumamosi hiyo Bato alikuja amenyong'onyea. Jina lake kamili ni Bartholomew, baba yake Ndanu, yule msichana aliyekwenda Ulaya kusomea fizikia. Alipewa kikombe akakishika tu. Mkono wa pili ulikuwa na simu, na macho yalikuwa hayatoki kwenye simu.

Hoodo: Baba Ndanu, kahawa inapoa. Nani amekukosea?

Bato: Hakuna. Ndanu anapiga simu saa hii.

Hoodo: Sasa si hiyo ni furaha?

Bato: Ataniuliza kama nilisikia ile voisi alinitumia. Nimeisikia mpaka betri ikaisha. Sijaelewa kitu.

Sisi tunazijua simu za Bato na bintiye, kwa sababu Bato hupokea simu kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Ndanu huuliza mvua. Huuliza ng'ombe. Huuliza goti la mama. Halafu wote wawili huishiwa, na Bato husema, «Haya basi, salimia watu huko,» anakata. Juzijuzi msichana alijaribu kumweleza kazi yake, na mzee akamjibu, «Sawasawa, soma kwa bidii.» Ndipo Ndanu akatuma ile sauti.

Nur: Icheze hapa tusikie. Watu sita hawawezi kushindwa na mtoto mmoja.

Nur ni mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyekaa Machakos mpaka Kikamba chake kina matusi mengi kuliko changu. Bato akabonyeza simu. Sauti ya Ndanu ikatoka, ya upole, ya mtu anayechagua maneno, akimwita baba yake «nau» kwa Kikamba.

«Nau, hapa tunagonganisha risasi na risasi, na spidi kubwa sana. Zikigongana kunatokea kitu moto kushinda katikati ya jua, halafu kinapotea kabla hata ujue kimekuja. Ndani ya hiyo moto ndio jeti zinatokea, mbili mbili, moja inaenda huku, ingine kule. Zinaanza na nguvu sawa. Lakini ile inapita katikati ya moto inatoka imepoteza nguvu. Kazi yangu ni hizo jeti. Kama ni ngumu niambie tu, nau. Sitakusumbua tena na mambo ya kazi.»

Bato aliizima haraka. Kwa lile neno la mwisho nilimwonea huruma. Huyu mzee alitaka kusumbuliwa.

Satelaiti: Risasi! Jeti! Bato, huyo msichana umempeleka vita!

Satelaiti ni Musili. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo hajaliona kwenye video fulani.

Bato: Usirudie hiyo maneno. Mama yake alisikia «risasi» akapeleka jina ya Ndanu kwa maombi. Kanisa mzima ya akina mama wanafunga.

Kabureta: Wacheni uoga. Jeti mimi naishika kila siku.

Festus fundi, ndiye Kabureta, alisimama akainua juu kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye kitundu katikati.

Kabureta: Hii hapa. Jeti! Inakaa ndani ya kabureta, inapitisha mafuta. Ikiingia uchafu, pikipiki inapoteza nguvu. Injini ikichemka, inapoteza nguvu kabisa. Huyo msichana ni fundi mwenzangu. Angesema mapema ningemwachia hii kibanda.

Satelaiti: Fundi gani anapanda ndege kwenda Ulaya kuosha kabureta?

Kabureta: Ya huko ni kubwa.

Satelaiti: Sikiza mimi. Hizo ni jeti za vita. Zinapitishwa juu ya nyuklia, na nyuklia ni moto. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa linakosa kitu ya kushika. Ndege inalegea hivi, inalegea hivi...

Hoodo: Kikombe yangu, Musili.

Satelaiti: ...na hiyo ndiyo sababu mvua haifiki Ukambani! Mawingu yanatoka bahari na nguvu sawa. Mengine yanapita upande wa baridi, yanafika kwa watu wengine. Yetu yanapita kwa joto, yanafika hapa yamechoka. Ndanu ametumwa kutafuta mvua yetu!

Mimi nilikuwa nimekaa mwisho ule uliolegea, na kichwa kikawa kinakubali. Nilihama.

Nur: Nyinyi mnapiga kelele na mtoto amesema kila kitu. Bato, icheze tena pale kwa nguvu sawa.

Ikachezwa tena. «Zinaanza na nguvu sawa.» Nur akaweka kikombe chini, jambo asilolifanya mara nyingi.

Nur: Mimi natoa mbuzi wawili zizi moja. Wazito sawa, mama mmoja. Huyu nauza pale pale mlangoni. Huyu mwingine anatembea na jua kali ya Yatta mpaka Kithimani. Akifika, mnunuzi ananiuliza, Nur, umeniletea mbuzi ama mifupa imevaa ngozi? Mimi hiyo njia sijaipita. Lakini nikiangalia yule mnono na huyu mkonde, wallahi najua njia ilikuwa aje.

Satelaiti: Kwa hivyo Ndanu anachunga mbuzi Ulaya?

Nur: Anaangalia waliofika, ndio ajue njia. Hiyo moto inapotea haraka, huwezi kuingia kuiona. Unauliza mbuzi.

Ilikuwa na maana, na benchi letu halijazoea.

Bato: Kwa hivyo akipiga nimwambie mbuzi?

Kabureta: Mwambie kabureta. Atajua baba yake anaelewa mashini.

Satelaiti: Mwambie mvua, mzee. Hiyo ni kitu kubwa.

Bato: Nikisema kitu ya uwongo atajua. Ataniambia sawa, nau, halafu tutarudi kwa goti la mama.

Alisema hivyo polepole, akaiangalia simu tena. Hapo ndipo mwanamke mmoja akatokea upande wa kibanda, kofia ya pikipiki kwapani. Alikuwa Loise wa Katelembo, anayeleta mayai mjini kwa pikipiki yake mwenyewe.

Loise: Mwĩ aseo, wazee. Fundi, nimekuacha na pikipiki asubuhi. Nakuta kabureta iko kwa gunia imefunguka mdomo. Na hiyo si jeti yangu umeshika ukihubiri nayo?

Kabureta: Nilikuwa naieleza watu.

Loise: Watu wamebeba mayai?

Hoodo alicheka mpaka akamwaga. Akamkalisha Loise, akampa kikombe, na kwa kuwa fundi hangeweza kutengeneza na kubishana kwa wakati mmoja, ikabidi tumweleze mgeni tunachongoja. Kila mtu alimweleza kivyake. Loise alisikiliza risasi, moto, mawingu na mbuzi wote wawili, akanywa, akapangusa mdomo.

Loise: Nimeelewa inapoteza nguvu. Kwani hiyo nguvu inaendanga wapi?

Kabureta: Inapotea.

Loise: Najua inapotea. Nauliza inaenda wapi. Mimi nikipoteza mayai njiani, kuna mahali yamemwagika.

Kabureta aliangalia jeti kwenye kiganja chake kana kwamba itamsaidia.

Nur: Mbuzi akikonda... ile nyama... si inaenda... Hapana. Ngoja.

Satelaiti: Hiyo nitaangalia. Bando imeisha, lakini nitaangalia.

Hoodo: Nyinyi wote kimya? Leo nitaandika mahali.

Simu ikalia. Bato aliruka, akabonyeza hapa na pale, na badala ya kuiweka sikioni akawa ameifungulia spika. Hakuna aliyemwambia.

Bato: Mama, hujambo?

Ndanu: Niko poa, nau. Mvua imenyesha?

Bato: Kidogo tu.

Ndanu: Ng'ombe?

Bato: Wako.

Ndanu: Na mama, goti?

Bato: Anatembea.

Kikaja kile kimya chao. Kabureta akainua jeti. Nur akaweka vidole viwili kichwani kama pembe. Satelaiti akaonyesha mawingu. Bato alituangalia mmoja mmoja, akafumba macho.

Bato: Ndanu. Ile voisi sikuielewa.

Ndanu: Si lazima, nau. Wacha tu, tuongee...

Bato: Ngoja. Niko na swali. Hiyo nguvu jeti inapoteza, inaenda wapi?

Tulidhani simu imekatika, na nikasikia uchungu kwa niaba ya mzee.

Ndanu: Nau, nani amekuambia uniulize hiyo?

Bato: Tulikuwa tunaongea tu hapa.

Ndanu: Hiyo ndio kazi yangu! Hiyo swali yenyewe! Tunaona jeti, yaani ule mkondo ya chembe ndogo zinaruka pamoja, imetoka imechoka, lakini nguvu haiwezi kupotea bure. Ingine imeingia kwa hiyo moto, imegawiwa vitu vidogo vidogo, vimetawanyika kando mbali na jeti. Kuokota zote uhesabu ni shida. Na venye inagawika, hapo watu bado wanabishana.

Bato: Wanabishana? Maprofesa?

Ndanu: Wanapigiana meza, nau.

Bato: Na kahawa?

Ndanu: Kahawa ndio mingi.

Bato aligeuka kutuangalia. Uso wote ulikuwa umefunguka.

Bato: Hata wao hawajui! Mnasikia? Wanabishana tu, na kahawa!

Ndanu: Nau, uko na nani?

Bato: Watu. Nur anasema ni kama mbuzi wawili wa zizi moja.

Ndanu: Huyo Nur amesomea wapi?

Nur alijinyoosha, akanywa kikombe kilichokuwa kitupu. Bato akapunguza sauti, yaani ikawa ya kawaida ya watu wengine.

Bato: Na hiyo risasi, mama? Mama yako hali chakula.

Ndanu: Woi! Si ya bunduki! Ni ile madini, nau. Ile iko ndani ya betri ya gari.

Kabureta: Ya betri! Si nilisema ni mambo ya garaji? Nilisema ama sikusema?

Hoodo aliinamisha birika, likatoa tone moja, akaanza kukusanya vikombe. Kwa sheria tulipaswa kuondoka. Hakuna aliyeinuka, hata Loise, na pikipiki yake ilikuwa bado imefunguka mdomo. Bato aliona vikombe vikikusanywa, na mazoea yakamshika.

Bato: Haya basi, salimia watu hu...

Ndanu: Nau, usikate! Sijamaliza. Nilikuwa sijakuambia zile vitu vidogo tunaziokota aje.

Bato akakaa tena, mwisho ule uliolegea, simu ameishika kwa mikono miwili. Hakuna jirani aliyejisogeza, lakini kichwa chake kilikuwa kinakubali.

Bato: Sema, mama. Tuko.