Kitambaa cha Nyumba ya Ghati: Kumuaga Bi. Hilda Machage

Tunaanza kwa kuomba radhi. Jarida hili la watumishi wa Maktaba ya Jamii ya Ziwani, Musoma, halijatoka tangu mwezi Juni. Wasomaji walipouliza, tuliwajibu kwamba mashine ya kuchapia ilikuwa mbovu. Mashine ni nzima. Tulinyamaza kwa aibu, na aibu yenyewe itaelezwa hapa chini, kwa kuwa mstaafu mwenyewe ameagiza hivyo.

Bi. Hilda Machage, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Mama Gody, anastaafu tarehe 30 Novemba baada ya kuitumikia maktaba hii kwa miaka thelathini na mitatu. Alianzia chumba cha kukarabati vitabu. Huko alipika gundi yake mwenyewe kwa unga wa muhogo, na panya walipozoea kula migongo ya vitabu, aliitia mwarobaini. Panya walihama. Wasomaji nao walilalamikia harufu kwa mwaka mzima, naye akawaambia kwamba hakuna aliyewaomba wanuse. Ukurasa wenye tundu ulimkosesha raha. Hakuweza kwenda nyumbani kabla hajaliziba. Sifa hiyo ilitusaidia sana. Ndiyo pia iliyotuponza.

Baadaye alikabidhiwa Kona ya Ukoo, ambayo wakati huo ilikuwa meza moja karibu na dirisha linalotazama ziwa. Watu walikuja kutafuta asili zao: wengine kwa sababu ya kesi za mashamba, wengine kwa sababu mtoto ameulizwa shuleni, na wengine kwa sababu mzazi amefariki na watoto hawana hakika na jina la kuandika msalabani. Hilda hakuwapa kitabu kwanza. Aliwauliza ni nani nyumbani kwao anayekumbuka nani amezikwa wapi, kisha akawatuma wakamlete huyo. Sauti za wazee zilirekodiwa. Kila ukoo ulichorewa mti wake kwa wino juu ya marekani, kitambaa kile kizito cha pamba, kwa maana karatasi huharibiwa na unyevu wa ziwa.

Kona hiyo ilileta mengi ya kufurahisha. Walikuja wanaume wawili wa Kiriba, kila mmoja kwa wakati wake, wakitafuta habari za bibi yule yule. Hilda akawaita siku moja, akawaketisha meza moja bila kuwaambia neno. Walikaa wakitazamana kwa jicho la pembeni hadi mmoja wao akasema, "Kumbe wewe ndiye unayekaaga pale kwenye bati jekundu! Na ng'ombe wako ndio wanaokulaga mihogo yangu!" Kesi ya mihogo iliishia hapo. Fundi cherehani wa Bunda, Bwana Omari, alipopata jina la babu wa babu yake, aliingia maktaba na sinia la halua, jambo ambalo kanuni zinalikataza. Hilda alimtoa nje, akala halua pamoja naye getini, akanawa mikono, akarudi kazini.

Sasa tufike kwenye aibu yetu.

Mwezi Juni tulipeleka vitambaa vyetu kwenye maonesho ya koo, Butiama. Kimojawapo kilikuwa cha nyumba ya Bibi Ghati. Msomaji aliyekulia mbali aelezwe kwamba Bibi Ghati alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume, na kwa desturi ya kwetu alitoa ng'ombe akaoa mke kwa ajili ya nyumba yake. Mke huyo alimzaa Hezron, na Hezron ni mtoto wa Ghati na wa marehemu mume wa Ghati. Mwanamume aliyemzaa hana sehemu katika nyumba hiyo, wala hatajwi. Hilda aliyajua hayo vizuri. Shangazi yake mwenyewe aliiolea nyumba yake mke vivyo hivyo.

Lakini fomu za maktaba yetu zina nafasi ya baba mzazi, na nafasi tupu haikumpa raha. Alimpata kikongwe mmoja wa Kamunyonge aliyelikumbuka jina hilo, jina la mvuvi wa Kiriba. Akaliandika juu ya jina la Hezron kwa wino mweusi, kwa mwandiko mzuri. Sisi wengine tulikikagua kitambaa na kukipitisha.

Mzee Silasi, mwana wa Hezron, alikuja kwenye maonesho akiwa amevaa koti lake la kanisani, na wajukuu wake mbele yake. Vijana waliosimama pale walisoma kabla yake. Mmoja akapaza sauti, "Heee, Mzee Silasi! Kumbe nyie ni watu wa Kiriba! Ndiyo maana samaki hawakosekani kwako!" Watu wakacheka. Mzee Silasi alisoma taratibu hadi mwisho, kisha akamgeukia Hilda.

"Mama Gody," alisema, "bibi yangu alitoa ng'ombe ili baba yangu awe wake. Leo umewarudisha ng'ombe hao kwa kalamu."

Kila aliyekuwapo alielewa. Ng'ombe wakirudishwa, ndoa imekufa na watoto hawana nyumba.

Kitambaa kilishushwa papo hapo. Wiki iliyofuata Mzee Silasi alitaka sauti za watu wake zisisikilizwe na mtu yeyote katika maktaba, na koo nyingine zikaja kuchukua vitambaa vyao moja baada ya nyingine. Ofisi iliamua kutosema kitu, kwa maelezo kwamba kunyamaza ni heshima. Haikuwa heshima. Tuliogopa kuonana na mzee yule uso kwa uso.

Hilda hakunyamaza. Alikwenda Butiama peke yake. Mara ya kwanza mke wa Mzee Silasi alimwambia mlangoni, "Mzee hayupo," huku kikohozi cha mzee kikisikika ndani. Mara ya pili alipewa maji, lakini hakupewa pa kukaa. Mara ya tatu mwandishi wa mistari hii alimsindikiza, na kilitolewa kigoda kimoja. Mwandishi alisimama, na ilimstahili.

Hilda alikuwa amechora kitambaa kipya. Juu kabisa aliandika jina la Ghati na la mumewe, chini yao mke wa nyumba, kisha Hezron na wote waliomfuata. Nafasi ya baba mzazi haikuwapo. Mzee Silasi alimwamuru akisome kwa sauti mbele ya wajukuu wale wale. Alisoma, na mara mbili alirudia mstari.

"Umechoka, Mama Gody?" mzee aliuliza.

"Nimechoka, baba."

"Na mwezi ujao unaacha kazi?"

"Ndiyo. Ndiyo maana naomba sasa. Sitaki kuondoka huku bibi akiwa hana watoto."

"Kiache hapo," mzee alisema. "Wazee watakaa wakishavuna mtama. Sisi mambo haya hatuamuagi kwa haraka."

Katika kikao cha kuandaa sherehe ya kumuaga, mwenzetu mmoja alisema, "Jamani, sherehe ni sherehe. Andikeni ile ya panya, watu wacheke, basi." Hilda alijibu, "Ya panya andikeni. Na ya nyumba ya Ghati andikeni. Mkiacha moja, mimi siji." Hivyo yameandikwa yote mawili. Fomu zetu nazo zimebadilishwa: mahali pa baba mzazi sasa tunauliza, "Wewe ni wa nyumba ya nani?" Swali hilo limetungwa na Hilda, na ni kazi yake ya mwisho katika maktaba hii.

Tunakushukuru, Mama Gody, kwa kila ukurasa ulioushona na kwa kila ndugu uliyemkutanisha na nduguye. Tunakushukuru pia kwa kwenda mahali ambapo sote tulipaswa kwenda. Ustaafu kwa amani ya moyo, ulime bustani yako, na wajukuu wakuchoshe kwa maswali.

Msumari wa kitambaa cha nyumba ya Ghati bado uko ukutani katika Kona ya Ukoo, na hatutatundika kitu kingine hapo. Wazee wakishaamua kama kitambaa kipya kitundikwe hapo, tutakuandikia siku hiyo hiyo, wamekubali au wamekataa. Na hata wakikataa, tutakuandikia neno lao lilivyo, kisha tutaung'oa msumari.

Leodgar Eliasi
Mhariri wa Jarida