Bi Kalamu Chini Anatoka Chumba Namba Sita

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne, na mapumziko ya chai yasiyozidi dakika saba, mwelekezaji mkuu wa Chumba Namba Sita katika kituo chetu cha msaada wa sheria anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi na nusu jioni. Faili la utumishi lina jina lake kamili. Kituoni kote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, anaitwa Bi Kalamu Chini, na cheti chake cha kustaafu nusura kichapwe hivyo.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Chumba Namba Sita hupokea wenye nyumba ambao ndoa imewashinda, na watu hao huja na karatasi mkononi, wamebakiza kutia sahihi tu. Kabla hujaeleza nani alianza, yeye husema: "Weka kalamu chini, mwanangu. Ndoa ikitaka kuvunjika leo, ivunjike. Nyumba ingoje."

Alianza kama mpiga chapa ghorofa ya chini. Aliwachapia watu mikataba ya kugawana mali bila kukosea hata nukta. Mwaka wa nne, mama mmoja alirudi na mkataba aliouchapa yeye, safi kabisa, uliomtoa katika nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na miwili. Hakumlaumu mtu. Alikuja kuuliza tu kama karatasi ile ingeweza kuchapwa upya. Wiki ile ile mpiga chapa wetu aliomba kuhamia juu, mahali ambapo watu hukutwa mapema, kabla ya kutia sahihi.

Huko juu alibuni fomu ambayo hakuna kamati iliyoipitisha, na hakuna iliyothubutu kuifuta. Ni karatasi yenye mstari katikati: kushoto Bega, kulia Kazi. Kwenye Bega unaandika watu wa kukusikiliza ukilia. Kwenye Kazi unaandika wanaojua sheria, benki na bei ya nyumba. Kisha yeye huchukua kalamu nyekundu. Kina mama hujaza Bega mpaka nyuma ya karatasi. Kina baba huacha pote patupu, halafu huuliza choo kiko wapi. Bwana mmoja aliandika chini ya Kazi: "Kinyozi wangu, ameachana mara tatu." Bi Kalamu Chini alikiri kwamba huo ni uzoefu, kisha akamfuta. Kanuni yake ni moja: anayekulilia asikupigie hesabu.

Faili lake la mwisho ndilo lililotunyima usingizi kuliko yote.

Jumanne moja ya mwaka jana, saa tatu na robo asubuhi, aliingia mwalimu wa hesabu akitaka muhuri wa nakala, basi. Saa nne kamili alitakiwa ofisi ya hati, mtaa wa pili, akatie sahihi ya kuondoa jina lake kwenye nyumba. Yeye na mumewe, fundi friji, walikuwa wameinunua kwa mkopo wa benki uliobakiza miaka tisa. Makubaliano yalikuwa hivi: mume abaki na nyumba na deni lake, mke atoke huru na watoto wawili, akapange kwingine. Aliyepanga yote ni shemeji, kaka wa mume, mtu mpole mwenye miwani, aliyewasuluhisha wawili hawa tangu wiki ya harusi.

Mwalimu alipewa fomu ajaze wakati muhuri unatafutwa. (Muhuri haukuwa umepotea.) Kwenye Bega aliandika mama yake na shoga yake wa ofisi ya walimu. Kwenye Kazi aliandika "shemeji".

"Shemeji huyu kaka wa nani?"

"Wa baba watoto. Lakini ni mtu wa haki, Bi mkubwa. Hata leo katoa gari lake litupeleke."

"Sina shaka. Ila refa akija uwanjani na basi la timu moja, nyinyi huko shuleni mngemwitaje?"

Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka.

Sasa ieleweke: mwelekezaji haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Wakili wetu wa zamu alikuwa mahakamani na simu kaizima. Ilikuwa saa tatu na nusu. Lakini Bi Kalamu Chini alikwisha kugundua zamani kwamba kanuni hukataza majibu tu. Maswali haiyataji popote.

"Mwalimu, ukitoka kwenye hati, na benki unakuwa umetoka?"

"Si ndiyo hivyo hivyo?"

"Mimi sijui. Wala silipwi nijue. Ila simu ile pale wenye kujua inawafikia."

Mwalimu alipiga. Benki ilimwekea muziki. Saa tatu na dakika arobaini muziki ulikuwa bado unaendelea, na shemeji akatokea mlangoni akitikisa funguo za gari. "Shemeji, twende. Karani akifunga kitabu ni mpaka mwezi ujao." Mwalimu alishika mkonga wa simu kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kunyang'anywa, akamtazama shemeji, akautazama mkonga. Sisi tuliokuwa ukumbini tuliacha kujifanya tunafanya kazi. Angekata wakati wowote.

Bi Kalamu Chini hakumgusa wala hakumsemesha. Alimsogezea shemeji kiti. "Kaa, baba. Kiti chetu hakina riba."

Saa tatu na dakika hamsini na moja muziki ulikatika. Mwalimu aliuliza swali lake. Sauti ya afisa mikopo ilisikika mpaka kwenye benchi: "Hapana, mama. Hati ni hati, mkopo ni mkopo. Kwenye mkopo unabaki mpaka benki yenyewe ikutoe. Mwenzio asipolipa, tunakufuata wewe."

Yaani angetoka bila nyumba, na deni likamfuata kwenye chumba cha kupanga.

Mwalimu alikaa. Shemeji alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Haki ya Mungu, shemeji, sikujua." Tulimwamini, na hilo ndilo lililotutisha. Mle ndani hakukuwa na mwongo hata mmoja.

Fundi friji aliitwa kutoka garini. Aliposikia, alimgeukia kakaye: "Kumbe nami nilikuwa nabebeshwa kitu ambacho benki haijaniuliza kama nakiweza?" Akaomba fomu yake. Kituo hakiwezi kuhudumia pande mbili za ndoa moja, kwa hiyo Bi Kalamu Chini alimwandikia anwani ya ofisi nyingine ng'ambo ya barabara, akamsindikiza mpaka mwisho wa ngazi ili asipotee kwa makusudi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwalimu alisema sasa kile alichokuwa akikiogopa: anaitaka nyumba, watoto wasihamishwe shule. Alitafutiwa wakili. Mthamini alipima kila chumba, mpaka rafu ya bafuni. Benki ikampa siku tisini athibitishe kwamba mkopo anaumudu peke yake, la sivyo nyumba iuzwe. Faili lilirudishwa mara mbili. Siku ya themanini na nne ilibaki karatasi moja, ridhaa ya mume kwa maandishi, na mume hakuwa akipokea simu, hata ya wakili wake. Bi Kalamu Chini hakuruhusiwa kumtafuta. Kila asubuhi alimwuliza wakili neno moja tu, "Barua?", na kila asubuhi wakili alitikisa kichwa. Chai yake ilirudi jikoni baridi siku nne mfululizo.

Siku ya themanini na nane shemeji alipanda ngazi na bahasha. Alikuwa ameketi na mdogo wake usiku kucha, si kumshauri, alisema, kumsikiliza tu. "Safari hii mimi ni tarishi, Bi mkubwa. Msiniulize kilichoandikwa."

Hati mpya ilitoka mwezi uliopita ikiwa na jina moja. Siku ya kuhamisha vyombo vyake, fundi friji alimaliza kupakia, kisha akarudi jikoni, akabadilisha mpira wa mlango wa friji uliokuwa ukivujisha baridi, akaweka ufunguo mezani, akaondoka. Mwalimu ndiye aliyetusimulia. Alisema hapo ndipo alipolia, na shoga yake wa ofisi ya walimu alikuwepo.

Bi mkubwa, hatuwezi kukuahidi kwamba watu wataacha kuachana ukishatoka. Wataendelea kupanda ngazi hizi, na watakuta mtu wa kuwauliza swali. Asante kwa miaka yote hiyo. Pumzika vizuri, kunywa chai mpaka dakika ya nane, na maisha huko uendako yakuendee mema.