Marehemu Janet Akwii Barasa: Tenda Aliyoiachia Madhabahuni

Marehemu Janet Akwii alizaliwa tarehe 9 Mei 1968 karibu na soko la Angurai, mtoto wa nne wa Mzee Josiah Ejoku na Mama Atyang. Alizaliwa siku ya soko, na mama yake alisema ndiyo sababu hakujua kunyamaza.

Alisoma shule ya msingi hapo nyumbani, akafika kidato cha pili. Karo ilipokosekana hakukaa kulia. Alienda Malaba kuuzia madereva wa malori na matanboi, wasaidizi wao, maharagwe ya kuchemsha, na baadaye akawa anapeleka nafaka kwenye shule na hospitali za serikali.

Wengi walidhani ana dawa ya kushinda tenda. Dawa yake ilikuwa miguu. Kila asubuhi alipita ofisi moja au mbili mjini Busia, hata kama hakuna zabuni iliyotangazwa. Alisalimia askari wa langoni, karani na mama wa chai, akajua nani mgonjwa na nani amefiwa, na matangani alifika. Bahasha hakubeba. "Ukimtafuta mtu siku ya tenda," alisema, "umeshachelewa."

Mwaka 1997 alipata tenda yake kubwa kuliko zote, maharagwe ya shule moja ya bweni upande wa Butula. Mtunza stoo alikuwa kijana wa Busibwabo, Phanuel Barasa. Siku ya kwanza Barasa alichukua punje, akaiuma, akatikisa kichwa.

"Dada, hii bado iko na maji. Rudisha."

"Boss, si uonje ingine?"

"Nimeonja. Rudisha."

Akwii alirudisha lori zima. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu maharagwe yalipita, na Barasa akaanza kutafuta sababu za kumchelewesha pale stoo.

Walipotaka kuoana, maneno yalizuka. Watu walisema Akwii anaolewa na stoo. Mwalimu mkuu naye aliwaita, akawaambia kanuni haziruhusu mke auze na mume apokee. Mmoja lazima aache. Barasa alikuwa tayari kuacha kazi. Akwii alikataa katakata.

"Tenda inatangazwa kila mwaka," alimwambia. "Wewe utatangazwa kanisani Jumapili tatu tu, halafu umeenda."

Jumapili ya tatu, padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Mzee Okurut, mpinzani wa Akwii katika biashara, alisimama. Kanisa zima liligeuka kumtazama.

"Padri, mimi sina pingamizi. Nauliza tu, hiyo tenda ya maharagwe sasa ni ya nani?"

Watu walicheka mpaka padri akaketi. Okurut aliipata kweli, na Barasa akamrudisha na magunia yake.

Ndoa ilifungwa tarehe 18 Aprili 1998, na Mungu akawajalia Linet, Eric na Quinton. Mwanzo ulikuwa mgumu, kwani ile tenda ndiyo iliyokuwa tegemeo. Lakini habari ilifika maofisini, na wakubwa wakaona kwamba mtu aliyeachia tenda kwa hiari hawezi kuwaletea maharagwe mabovu. Milango ilifunguka, na Akwii akaendelea kupita asubuhi na salamu zake.

Septemba 2024 alianza kuugua figo. Alipolazwa Busia, wageni walijaa mpaka muuguzi akauliza kama ni mheshimiwa. Walikuwa makarani, walinzi na wahasibu, wengi wao wamestaafu. Hawakuwa na tenda ya kumpa, naye hakuwa na gunia la kuuza, na bado walikuja. Alifurahi sana, akawatania mmoja mmoja.

Alituaga tarehe 3 Novemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Barasa. Asubuhi hiyo Barasa alikuwa amemuuliza kama aliwahi kuijutia ile tenda. Akwii alicheka mpaka akakohoa.

"Barasa, hiyo maharagwe ingeliwa ikaisha. Wewe mpaka leo hujaisha."

Ameacha mume wake, watoto watatu, wajukuu wawili, kaka yake Eriaku, na watu wengi wa maofisini ambao hawakuwa ndugu zake mpaka alipowafanya ndugu. Mama Linet, tumekupenda. Mungu akulaze mahali pa amani, upumzike.