Barafu ya Belwaghat

Sogeeni, wanangu, na wewe Bipin rudishia huo mlango, maana Mahendar pale barazani ana masikio kama punda wa dobi, na haya ninayosema si ya kuteremshia chai yake. Kuhusu mali sina maneno mengi: shamba la mpunga la kando ya mfereji ni la Rambha mkwe wangu, nyati wa maziwa ni wenu wote wawili, na sanduku langu lifungueni mkitaka, mtakuta panya wameshagawana. Nataka kuwaachia habari za kile kiti cha bunge la jimbo, kiti cha Belwaghat, ambacho Mahendar na wenzake wa chama chenye alama ya mwavuli wamemletea mjukuu wangu kama watu walioleta posa, na pipi juu.

Sikilizeni. Kilipogombewa mara ya kwanza nilikuwa bi harusi, uso ndani ya ushungi. Sisi wanawake tulivaa sari za harusi tukaenda tukiimba njia nzima, tukafika shuleni kupiga kura tukawakuta vijana wa bwana Tribhuvan, mwenye mashamba, mtu wa chama chenye alama ya chungu, wamekalia sanduku la kura na marungu mapajani. "Rudini mkapike, akina mama, kura zenu zimeshapigwa." Mimi mdomo wangu mnaujua. Nikauliza kutoka ndani ya ushungi, "Na mimi nimempigia nani, mwanangu, nijue wa kumdai sari?" Wanawake wakaangua kicheko, na yule kijana akaingiza mkono akakivuta kipini changu cha pua kikatoka na nyama yake. Hili kovu ndilo hilo. Ninyi mlidhani ni ndui.

Babu yako, Bipin, ambaye jina lake sijalitamka tangu aniweke rangi nyekundu utosini siku ya harusi na leo sitalitamka, akaapa atakichukua kiti kile. Watu wa chungu wakamrushia bomu la kienyeji la kufungwa kamba sokoni, anakula mtindi na chenga za mchele. Nilimtambua kwa miguu. Kabla sijamaliza kulia, watu wa mwavuli wakaipandisha maiti yake kwenye lori, wakanipandisha na mimi, bangili zangu zimevunjwa kama za mjane yeyote, damu mikononi, tukazungushwa kijiji kwa kijiji, na kila tulipofika mtu mmoja ananifinya begani ananinong'oneza, "Lia, mama, hapa kuna kura nyingi." Wakanisimamisha mahali pake, nikashinda. Nikakaa bungeni Patna kwenye viti vya nyuma, na nilichojifunza kule ni nani analala kwa nani tu, ambayo ningewasimulia kama pumzi ingetosha.

Vijana wetu nao wakachoma uwanja wa kupuria nafaka wa Tribhuvan, mwanawe mdogo yumo ndani. Walimtoa mweusi kama kaa. Chungu wakambeba hivyo hivyo, bila kumfunika, na uchaguzi uliofuata ukawa wao. Tangu hapo Belwaghat haijapata kumchagua mtu aliye hai. Anayechaguliwa ni maiti, na mjane au yatima hutumwa tu kwenda kumkalia kiti.

Nipe maji. Kidogo, usinizamishe.

Rambha, mwanangu, hili ni lako, na shika nguzo ya kitanda unaponisikia. Mumeo Awadhesh, mwanangu wa kumzaa, alikuwa anashindwa. Barabara hajajenga, watu wanamzomea, hata wauza tambuu wanampigia kelele, "Mheshimiwa, umekuja na tope lako?" Kisha akapigwa risasi kwenye daraja la mfereji, wiki ile ile ya kura, na wote tukasema ni chungu, tukachoma mtaa wao, na yule mama mjamzito akafia ndani, mnamkumbuka. Wewe wakakuvika sari nyeupe ya ujane ukashinda. Sasa juzi Dulari, mke wa kinyozi, alikuja kunikata kucha, na mnamjua Dulari, kitu hakikai mdomoni mwake, kama kaa la moto. Shemeji yake ndiye anayeuza barafu mjini. Amelewa, akamwambia: barafu ya kuilazia maiti ya Awadhesh isioze iliagizwa na Mahendar, ikafika Belwaghat ikafunikwa na maganda ya mpunga, na Awadhesh jioni hiyo yu hai, anahutubia. Barafu ilitangulia risasi.

Usilie! Sijamaliza.

Dulari akasema Mahendar ameagiza nyingine. Nikacheka, nikadhani ni yangu, nikamwambia kikongwe mkavu kama mimi nina nini cha kuoza? Akaniinamia sikioni: imeagizwa kwa wiki ya kura. Mimi nakufa leo, Bipin. Hesabu mwenyewe hiyo barafu ni ya nani.

Usinitikisie kichwa. Najua unamtazama huyo mzee kama baba, na najua unavyojiona kwenye ile picha kubwa waliyokuchorea. Wao wamekuchora ili wapate picha ya kuvisha maua ukishakufa. Utatokea zizini, upitie kwenye miwa mpaka stesheni, uende Surat kwa shangazi yako, ukafume vitambaa. Simu iache hapa mchagoni mwa kitanda, ilie yenyewe, wadhani umo humu. Na usimguse Mahendar, hata ukucha. Ukimuua, watamzungusha yeye, na mwavuli utashinda kwa damu yake, nami huko niendako nitakosa usingizi.

Moto wa kunichomea nikifa atauwasha Rambha. Ndiyo, mwanamke. Waache waseme, mimi nimewasema maisha yangu yote. Nichomeni hapo hapo kwenye mchanga wa mto, lori lisiniguse, ua la chama lisinifike.

Njoo, Bipin, lete kichwa. Uishi... uzeeke, meno yakutoke, watoto wako wakuchoke. Usijulikane na mtu. Nenda. Nenda, usiniguse miguu kuniaga, muda huo utautumia kwenye miwa.

Ameshatoka? Rambha... kaa hapa. Wale nje wanasubiri kilio, wakikisikia tu watavunja mlango, wamtafute. Nikinyamaza... usilie. Mpaka treni ya jioni ipige honi. Wewe cheka. Cheka kwa nguvu, wadhani... bibi kizee anasengenya. Sema, "Toba, mama, na wewe!" Sema tena... Vizuri. Cheka, mwanangu... cheka...